Nyumba ya rafiki inaelekea mnadani: umlipie, umdhamini, uinunue, au umsaidie kuiuza?

Rafiki akikuambia kwamba benki inataka kuuza nyumba yake, mwombe kwanza akuletee karatasi zote alizopokea, hata zile ambazo hajafungua bahasha. Jina la notisi na tarehe yake ndivyo vitakavyoonyesha kama pesa zako zitaiokoa nyumba au zitazama nayo. Karatasi ya pili muhimu ni taarifa ya akaunti ya mkopo. Kabla ya kuziona hizo mbili, usiahidi kitu. Ahadi ya haraka humfanya aache kutafuta njia nyingine, na siku zinaendelea kuhesabiwa.

Yuko ngazi gani?

Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012 imeweka ngazi ambazo benki haiwezi kuziruka. Mkopaji akishindwa kulipa na hali hiyo ikaendelea kwa mwezi mmoja, benki inaweza kumpa notisi ya kifungu cha 90. Notisi hiyo lazima itaje kosa lenyewe, kiasi cha kulipa ili kulirekebisha, na muda usiopungua miezi 3. Muda ukiisha bila malipo, inafuata notisi ya kuuza ya kifungu cha 96, ambayo ni siku 40 tangu akabidhiwe. Baada ya hapo dalali wa mnada, kwa Kanuni za Madalali za 1997, anatoa notisi yake ya siku 45 za kukomboa mali. Mnada nao haufanyiki kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini.

Katika ngazi ya kwanza kinachodaiwa ni malimbikizo: marejesho yaliyokosekana pamoja na riba ya kuchelewa. Ukiyalipa ndani ya miezi 3, mkopo unarudi kwenye mstari. Notisi ya dalali kwa kawaida hudai deni lote. Kifungu cha 102 kinamruhusu mkopaji kukomboa nyumba hadi dakika ya mwisho kabla haijauzwa, lakini kwa kulipa deni zima. Ndiyo maana laki nne zinaweza kuokoa nyumba mwezi wa pili, na mwezi wa saba zikawa tone tu.

Angalia pia notisi zilitumwa wapi. Nyingi hupelekwa kwa posta iliyosajiliwa, kwenye sanduku lililoandikwa kwenye mkataba wa mkopo. Kama alikopa miaka minane iliyopita akitumia sanduku la mwajiri wa zamani, huenda ngazi mbili zimeshapita bila yeye kujua. Nakala ya notisi ya kuuza lazima pia imfikie mume au mke aliyetoa kibali cha rehani, mdhamini, na mmiliki mwenza. Muulize mwenzi wake moja kwa moja kama amepokea chochote. Mara nyingi mwenzi ndiye wa mwisho kujua, na aibu ya kulificha jambo hili nyumbani imekula miezi mingi kuliko benki yoyote.

Hesabu ya kufanya kabla ya kuchagua

Chukua mfano: salio la shilingi 6,000,000, riba ya asilimia 15 kwa mwaka, miaka 15 imebaki. Rejesho la mwezi ni kama 83,975. Kati ya hizo, 75,000 ni riba ya mwezi huo, na chini ya elfu tisa tu ndizo zinazopunguza deni. Sasa akose miezi mitano: riba ambayo haijalipwa ni kama 375,000, bila kuhesabu adhabu. Benki ikikubali kuiongeza kwenye deni, salio linakuwa 6,375,000. Tazama rejesho linavyobadilika kwa kila aina ya nafuu:

| Nafuu inayotolewa | Rejesho la mwezi (kadirio) |
|---|---|
| Mkopo wa awali, miaka 15, asilimia 15 | 83,975 |
| Malimbikizo yameongezwa kwenye deni, muda umepelekwa miaka 20 | 83,945 |
| Kulipa riba pekee kwa muda | 79,690 |
| Deni la 6,375,000, riba imeshushwa hadi asilimia 13, miaka 15 | 80,660 |

Watu wengi hushtuka wakiona mstari wa pili. Miaka mitano ya ziada imeliacha rejesho pale pale, na rafiki yako amejifunga kulipa zaidi ya shilingi 5,000,000 juu ya hesabu ya awali. Riba ikiwa juu, kurefusha muda hakupunguzi mzigo wa mwezi kwa kiasi cha kuhisika.

Kwa hiyo muulize swali hili na usikubali jibu la matumaini: kuanzia mwezi ujao, mapato ya familia yake yanaweza kubeba rejesho la kawaida? Kama alikosa kulipa kwa sababu ya ugonjwa au mshahara uliochelewa na sasa mapato yamerudi, kumlipia au kupanga upya mkopo kuna maana. Kama mapato yamepungua kwa nusu na hakuna dalili ya kurudi, njia zote za "kuokoa" ni kununua miezi kwa bei ghali, na msaada wa kweli ni kumsaidia kuuza vizuri.

Kumlipia malimbikizo au kumsaidia kupanga upya mkopo

Kumlipia ni haraka, na kunaifunga notisi ya kifungu cha 90 bila mkataba mpya. Kunafaa pale shida imekwisha na ngazi bado ni ya kwanza. Kosa la kawaida ni kulipa kiasi alichokitaja rafiki kwa kichwa. Omba benki ikupe kwa maandishi jumla ya kufunga malimbikizo kufikia tarehe fulani, pamoja na adhabu, ada za wakili wa benki, na za dalali kama ameshapewa kazi. Ukilipa pungufu kwa shilingi elfu thelathini, notisi inabaki hai. Pesa ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, zisipitie akaunti yake ya kawaida, ambako huenda kuna makato mengine yanayosubiri. Kisha mpate barua kwamba malimbikizo yamelipwa na notisi imeondolewa. Neno la afisa kwenye simu halimfungi mwenzake atakayekuja kesho.

Mchango wa marafiki na jamaa unafaa kwa njia hii tu. Weka kiwango na tarehe ya mwisho, mtunza pesa awe mwingine asiye mwenye deni, na semeni mapema zitaenda wapi kiasi kisipotimia. Mchango uliokusanya theluthi moja ya malimbikizo ukapelekwa benki vivyo hivyo haukuzuia kitu. Theluthi hiyo ingeweza kuwa kodi ya miezi kadhaa ya nyumba ya kuhamia.

Kama ni mkopo na wala si zawadi, andikeni kiasi, tarehe ya kuanza kurudisha, na malipo ya kila mwezi, na malipo hayo anayokulipa yaingie kwenye hesabu ya mapato yake. Wengi huyasahau, halafu rafiki anashindwa kulipa benki kwa sababu anakulipa wewe.

Kupanga upya mkopo hakukugharimu pesa bali saa kadhaa za kukaa naye. Benki huvutwa na pendekezo lenye tarakimu, si barua ya kuomba huruma. Barua iwe ukurasa mmoja: namba ya mkopo, sababu ya kukosa na tarehe ilipoanza, mapato ya sasa, kiasi anachoweza kulipa na tarehe, na anachoomba. Ambatisha taarifa za benki za miezi 6, hati za mshahara au rekodi za mauzo, na ushahidi wa sababu yenyewe, kwa mfano barua ya hospitali au ya kuachishwa kazi. Sehemu ya katikati inaweza kusomeka hivi:

"Naomba malimbikizo ya 375,000 yagawanywe kwa miezi 12, yaani 31,250 kila mwezi juu ya rejesho la kawaida, kuanzia tarehe 5 ya mwezi ujao. Nimelipa 60,000 leo kama dalili ya nia, na stakabadhi imeambatishwa. Naomba hatua ya kuuza isimamishwe kwa maandishi wakati pendekezo hili linajadiliwa."

Malipo hayo madogo ya kutangulia yana uzito kuliko maneno yote. Ila msisahau: barua ikipokelewa, saa ya notisi haisimami yenyewe. Isipokuwa benki iseme kwa maandishi kwamba imesimamisha, siku zinaendelea. Pia asiandike "nakiri nadaiwa" kiasi ambacho hamjakikagua. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo: mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipwi, riba inayoongezeka haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwepo siku hiyo. Kwa mikopo ya zamani iliyolala miaka mingi, kikomo hiki kinaweza kupunguza madai kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo omba taarifa ya akaunti tangu mwanzo na uipitie mstari kwa mstari.

Kutia saini kama mdhamini au kutoa hati yako

Hapa tunashauri waziwazi: kama una pesa za kutoa, toa pesa, usitoe saini. Ukilipa 300,000, hasara yako kubwa kabisa ni 300,000. Ukidhamini deni la 6,375,000, umebeba hadi kikomo kilichoandikwa kwenye karatasi, na karatasi nyingi za udhamini huandikwa kuwa "endelevu", zikifunika na mikopo atakayochukua baadaye. Ukilazimika, kataa neno hilo, andika kikomo kwa tarakimu na maneno, na weka tarehe ya mwisho. Akishindwa, unaweza kudaiwa wewe na jina lako likaorodheshwa CRB, ofisi inayotunza rekodi za wakopaji.

Udhamini wa Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, una ubaya wa aina yake. Akiba zako zinashikiliwa, na hutoki hadi deni liishe au apatikane wa kukurithi nafasi. Ukitaka kukopa mwenyewe mwaka ujao, utakuta akiba hizo hazihesabiwi zote.

Kutoa hati ya nyumba yako kama dhamana ya nyongeza kunaziweka familia mbili kwenye foleni moja ya mnada. Kama ni nyumba ya ndoa, kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi kinataka mwenzi wako atie saini au kuwe na ushahidi kwamba amekubali. Mwenzi anayesita hapo anaona jambo ambalo huruma imekuficha, nasi tuko upande wake.

Benki nyingine kununua deni

Inawezekana ikiwa ngazi ni ya kwanza na rekodi ya CRB haijachafuka sana. Benki mpya hutuma mthamini, wakili wake anaiandikia benki ya zamani ahadi ya kulipa, rehani ya zamani inafutwa na mpya inasajiliwa. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi na ina gharama za mthamini, mawakili na ushuru wa rehani mpya. Inalipa tu kama riba inashuka kwa pointi kadhaa. Pointi mbili, kama jedwali linavyoonyesha, malimbikizo yakiwa yameongezwa kwenye deni, ni nafuu ya kama elfu tatu tu kwa mwezi ukilinganisha na rejesho la awali. Baada ya notisi ya dalali, ni nadra benki nyingine kukubali.

Kuuza mwenyewe au kungoja mnada

Kama hesabu ya mapato imekataa, hapa ndipo rafiki anaweza kuokoa pesa nyingi kuliko popote. Tuseme bei ya soko ni 9,000,000. Bei ya mauzo ya haraka, ambayo mthamini huiandika kwa ajili ya mnada, mara nyingi huwa karibu robo tatu ya bei ya soko, yaani 6,750,000. Ondoa deni la 6,375,000, ada ya dalali, wakili na matangazo, na riba ya miezi ya kungoja: anatoka mikono mitupu au bado anadaiwa. Akiuza mwenyewe kwa 8,400,000, hata baada ya ada ya ajenti na wakili, anabaki na zaidi ya milioni moja na nusu ya kuanzia maisha upya.

Utaratibu wake: kwanza, benki ikubali kwa maandishi auze mwenyewe, na itaje muda, kwa kawaida miezi mitatu hivi. Nyumba yenye rehani haihamishwi bila ridhaa ya mwenye rehani, kwa hiyo usimwache atafute mnunuzi kimyakimya. Pili, mkataba wa mauzo uandikwe na wakili, utiwe saini na ushuhudiwe, kwa kuwa makubaliano ya mdomo juu ya ardhi hayana nguvu mahakamani. Tatu, pesa za mnunuzi zilipe benki kwanza kwa ahadi ya wakili, benki itoe hati na barua ya kufuta rehani, na baki limfikie rafiki yako. Mnunuzi anayetaka kumpa rafiki yako pesa taslimu "amalizane na benki mwenyewe" anajiweka hatarini yeye na anamweka na mwenye nyumba.

Kinachoharibu mauzo haya mara nyingi ni bei. Mwenye nyumba anataka apate alichotumia kujenga, pamoja na machozi, na anakataa wanunuzi wawili wa kwanza. Kazi yako ni kumwonyesha kwa upole kwamba kila mwezi wa kungoja unamgharimu 75,000 au zaidi za riba, na kwamba mnunuzi wa 8,200,000 leo ni bora kuliko wa 8,500,000 baada ya miezi minne ambaye huenda asitokee. Kuhusu kodi, faida ya mauzo ya ardhi hutozwa asilimia 15 tangu Januari 2023, lakini nyumba ambayo mtu ameishi mfululizo miaka 3 kabla ya kuuza husamehewa. Akusanye bili za maji na umeme mapema kuthibitisha kuwa aliishi humo.

Wewe mwenyewe kuinunua

Hii ni njia ya watu wachache wenye uwezo, na inavutia: yeye anabaki ndani kama mpangaji, wewe unapata nyumba. Urafiki huvunjikia hapa kuliko penginepo. Akiamini kwamba ataikomboa "mambo yakikaa sawa", na wewe ukiamini umenunua kabisa, mtaishia mahakamani. Nunua kwa bei ya mthamini huru, kila mmoja awe na wakili wake, na mkataba wa upangaji uwe karatasi tofauti yenye kodi na muda. Kama mmeahidiana atapewa nafasi ya kuinunua tena, iandikwe bei na tarehe ya mwisho. Hesabu pia ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, ambao ni wa mnunuzi: kwa nyumba ya mjini ya 8,400,000 ni 336,000.

Kumsubiri mnadani ili ununue kwa bei ya chini, halafu "umtunzie", ni wazo tusilolipendekeza. Masharti ya kawaida ni kulipa asilimia 25 nyundo inapoanguka na salio ndani ya siku 90, na mtu mwingine anaweza kukuzidi bei. Zaidi ya hayo, tofauti ya bei uliyoiokoa imetoka mfukoni mwake.

Kwenda mahakamani

Mahakama inafaa pale benki imekosea kwa jambo linaloonekana: notisi haikutolewa, siku hazikutimia, mwenzi hakukubali nyumba ya ndoa kuwekwa rehani, au uthamini una zaidi ya miezi 12. Mzozo juu ya kiasi cha deni peke yake kwa kawaida hausimamishi mnada. Tangu uamuzi wa kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown wa 1973, anayeomba zuio, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha jambo, lazima aonyeshe kesi yenye msingi, hasara isiyofidiwa kwa pesa, na panapokuwa na shaka, mizani ya usumbufu iangukie upande wake, yaani yeye ndiye ataumia zaidi akikataliwa.

Ikilinganishwa na mazungumzo, mahakama ni ghali na riba haisimami wakati kesi inaendelea. Zuio lililopatikana kwa kasoro ya notisi linampa miezi tu, kwani benki itatoa notisi upya. Miezi hiyo ni ya thamani kama mtaitumia kuuza nyumba au kupata pesa, na ni hasara kama mtakaa mkisubiri hukumu. Ombi lazima liwasilishwe kabla ya mnada. Nyundo ikishaanguka, sheria humlinda mnunuzi wa nia njema, na rafiki yako hubaki na madai ya fidia dhidi ya benki.

Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi kinaitaka benki itafute bei bora inayopatikana. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba benki imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Hivyo, hata kama mmeamua kutokwenda mahakamani, mlipie mthamini huru aandike bei ya soko kabla ya siku ya mnada. Nyumba ikiuzwa, aombe benki kwa maandishi hesabu ya mauzo: bei iliyopatikana, gharama zilizokatwa moja moja, deni lililolipwa, na baki. Baki hilo, likiwepo, ni lake kisheria, na asipoliomba linaweza kukaa miaka bila mtu kumwita.